Haipo

Dukani kwa Rajabali, nyuma ya Marikiti,
niliuliza kama alivyouliza baba miaka arubaini:
"Haipo ipo?"
Akacheka hadi miwani ikamshuka puani.
"Haipo haipo, mwanangu. Iliisha
studio zilipofungwa moja moja
kama maduka saa ya Ijumaa,
ila zisifunguliwe tena."
Kisha akainama chini ya kaunta, akapangusa vumbi,
na haipo ikawa ipo: mkebe mmoja,
chumvi nyeupe iliyoshikana mabonge.

Hiyo ni ya kuibakisha picha. Ya kuitoa je?

"Kuna ya unga. Wakoroga paketi nzima,
nusu haipimwi, na kwa joto hili letu
mwezi hautimii ishageuka chai iliyolala.
Kuna ya maji, hiyo yakaa miaka,
lakini yatia chenga: bibi harusi
atoka kama aliyelala mchangani.
Na hii." Chupa ya kahawia, kizibo hakijaguswa.
Akaiinamisha. Ilitembea polepole
kama shira ya kaimati.
"Hii ya filamu zilizozeeka."
Akataja bei. Nikalipia haipo peke yake.

Kwenye mkebe wa biskuti, Kibokoni,
ipo filamu moja. Baba aliizungusha hadi mwisho,
akailamba gundi kama bahasha, akaifunga.
Mate yake yamo humo bado.
Picha kumi na mbili, na dawa haina samahani.

Binamu yangu Twalib akasema, pika kahawa!
Kahawa ya kopo, magadi ya kufulia,
vitamini ya mafua uisage kinuni.
Nikaijaribu kwa filamu yangu mwenyewe:
paka, ngazi, mama akichambua mchele
na kuniambia niache.
Ikatoka. Wallahi ilitoka.
Nyumba ikanuka soksi za mwanajeshi,
mama akafungua madirisha yote:
"Kahawa ni ya kunywa, Mwanakombo."
Lakini kila picha ilikuwa na ukungu wake,
na filamu ya baba ina ukungu wa miaka kumi na tisa.
Ukungu juu ya ukungu, nitaona nini?

Nikarudi kwa Rajabali. Hakuuliza.
Alikuwa ameshaifunga ile shira kwenye gazeti.

Bomba lilitoa upepo. Kisima kina chumvi.
Nikanunua mtungi wa maji matamu kwa Kazungu,
nikatia kipimajoto: thelathini na moja.
Jedwali lataka ishirini; aliyeliandika
hajawahi kutokwa jasho akiwa amekaa.
Jirani, Bi Mwanamize, akanikopesha
barafu zake za ukwaju, pakiti kumi na nne,
nikazizamisha karaini kuzunguka chupa,
nikangoja zebaki ishuke, nayo ikashuka kwa maringo.

Chooni, gizani, kanga imezibwa chini ya mlango.
Gundi ikaachia kwa sauti ya mdomo unaofunguka.
Baada ya hapo ni saa tu, na mkono:
geuza, gonga, weka. Geuza, gonga, weka.
Maji. Halafu haipo.

Tisa zilikuwa ukungu mtupu.
Tatu zina kigoda cha studio,
pazia lililochorwa bustani ambayo hatukuwa nayo,
taa kutoka kushoto. Hakuna mtu.
Alikuwa akipima mwanga kabla wateja hawajafika.
Kwenye ya kwanza na ya pili kigoda ki palepale.
Kwenye ya tatu kimesogezwa kidogo,
labda inchi mbili, kuelekea kwenye taa.

Nimezianika kwenye kamba, baina ya leso.
Dawa iliyotumika ina fedha ndani yake,
haimwagwi mtaroni paka wakanywa.
Nimeitia kwenye chupa ya juisi, nikaibandika jina.
Mama akaikuta juu ya kabati, akasoma kwa sauti,
akaitikisa, akaisikia imejaa.
"Haipo," akasema. "Haipo nini?"